Mkamwana Alipoleta Chai Lufingo

Mpanda,
9 Februari 2024

Baba,

Shikamoo, na kwa salamu ya kwetu, mugonile. Huku Mpanda tuko wazima. Elisha ameongezewa zamu pale zahanati kwa sababu mwenzake yuko likizo ya uzazi, na siku hizi mwanao anasinzia na kijiko mkononi. Mjukuu wako Lusungu ameanza darasa la kwanza na tayari amegombana na mwalimu, kamwambia ndizi anazochora ubaoni hazifanani na ndizi. Nilimkanya mbele ya mwalimu, tulipofika nyumbani nikacheka. Mimi na cherehani yangu tupo, ila msimu wa sare za shule umeisha, kazi imepungua.

Majirani zangu hapa wananishangaa ninavyokuandikia barua wakati simu ninayo. Nimewaeleza mpaka nimechoka, kwamba kwetu Unyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe, haongei naye, akimwona njiani anachepuka, na jina lake halitamki. Wanasema siku hizi wengi wameacha. Ni kweli wameacha, lakini wewe hujaacha, na mimi nimeolewa kwako. Simu ni ya Mama, karatasi ni yetu, mwaka wa tisa huu.

Sasa lililonishikisha kalamu. Nimejiunga na biashara inaitwa Shina Jema. Wanauza chai ya majani ya tiba na mafuta ya kuchua viungo. Hawana duka, bidhaa inatoka mtu kwa mtu. Ukimwingiza mwenzako anakuwa tawi lako, naye akiingiza wengine nao ni matawi yako, na kila tawi likiuza wewe unapata chako. Aliyeniingiza anaitwa Obed, kijana mwenye maneno. Kazi ya kwanza aliyonipa ni kuandika majina mia ya watu wanaoniamini. Niliandika tisini na tisa bila kunyanyua kalamu. La juu kabisa ni lako, na kwa kuwa siwezi kuliandika nimeweka "Baba wa Elisha".

Ombi langu ni hili. Wewe ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa chai, na wanawake wa kikundi wanakusikiliza. Likizo ya Juni nitakuja. Waite waje kwa Mama, niwaeleze. Ukisema neno moja tu watakuja.

Mkamwana wako,
Loyce


Lufingo,
3 Machi 2024

Mama Lusungu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikaa posta ya Tukuyu siku kumi na mbili kwa sababu mchungaji mwenye ufunguo wa sanduku alikuwa na misiba miwili mfululizo, halafu mvua ikafanya yake. Sisi tuko salama. Ng'ombe amezaa dume, mwenye miguu mirefu na akili fupi. Mama yako Justa goti linamsumbua, lakini ukimpa pole anakasirika. Mwambie Lusungu kwamba kuhusu ndizi yeye ndiye aliye sahihi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikacheka, mara ya tatu nikavua miwani. Mwanangu, unataka kuwaletea watu wa Lufingo chai? Hapa mtu akifungua mlango anakanyaga chai. Watoto wetu wanajificha kwenye chai wakikwepa kuchota maji.

Halafu kuna huyo Obed wako. Juzi simu ya Mama yako iliita, akaipokea, akaniambia natafutwa mimi. Nikasikia sauti ya mtu anayenadi mitumba. Aliniita "kiongozi". Akasema namba ameikuta kwenye orodha yako, na kwamba mkamwana wangu anakuja hivi karibuni kukaa na mimi mezani, uso kwa uso, anifungulie fursa. Uso kwa uso! Nilimrudishia Mama yako simu haraka kuliko nilivyoipokea. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kesho yake, tena nikiwa shambani peke yangu.

Kuhusu ombi lako, wanawake wa hapa unawajua. Watakuuliza kama huo si upatu. Watakuuliza kwa nini mwenye chai nzuri asifungue duka. Mimi nina swali moja tu. Mpaka sasa wamejiunga wangapi chini yako?

Baba yako


Mpanda,
27 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma habari ya Obed nikajifunika kanga usoni, nikiwa peke yangu ndani. Naomba radhi. Obed ni mtu wa Morogoro, haijui mila yetu hata kwa kuotea. Nimemwambia akipiga tena kwa wakwe zangu nitamrudishia chai yake yote. Akasema, "Dada, hizo ni hofu za mwanzo." Nikamwambia hizo si hofu, hiyo ni ndoa.

Elisha ni mzima. Lusungu amemsamehe mwalimu. Mama mpe pole ya goti, asiponiona hatakasirika.

Sasa nikujibu. Upatu hauna bidhaa, sisi tunayo. Na chai yetu si kama hiyo yenu, ni majani ya aina nyingine kabisa, hata harufu ni tofauti. Tena hayo maswali yote tumefundishwa namna ya kuyajibu. Mtu akisema "huu ni upatu", usibishane naye. Unasema, "Nakuelewa, hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka nilipogundua." Akisema hana muda, unamuuliza huo muda wake unamlipa nini. Akisema anakwenda kufikiria, unamuuliza ni kitu gani hasa anachotaka kufikiria. Ukweli nikuambie, nilijaribu kwa mama mmoja muuza dagaa. Nilipomwambia "nakuelewa", akanijibu, "Kama unanielewa mbona unaendelea?" Hilo hatujafundishwa bado.

Kuhusu waliojiunga, mambo yanaendelea vizuri. Je, nipange kuja Juni? Nataka ninunue tiketi mapema.

Mkamwana wako,
Loyce


Lufingo,
18 Aprili 2024

Mama Lusungu,

Marahaba. Mvua ya mwaka huu haina adabu, imechukua kipande cha njia pale chini na waendesha bodaboda sasa wanatulipisha kuzunguka. Chai imechipua mpaka wachumaji hawatoshi. Ndama amejifunza kuruka ua. Mama yako nimempa pole yako ya goti, amekasirika.

Hayo majibu yenu ya darasani nimeyajaribu. Nilimwambia Mama yako auze yule kuku mwekundu, akasema atafikiria. Nikamuuliza, "Ni kitu gani hasa unachotaka kufikiria?" Siku hiyo nilijipakulia mwenyewe. Usiniambie tena kwamba yanafanya kazi.

Lakini nina jambo la kukuambia na naomba ulisikie vizuri. Unajua nilikuwa karani wa kupima majani mabichi pale kituoni miaka ishirini na miwili. Mtu aliyemwagia gunia lake maji ili lizidi uzito nilimjua kabla hajafika kwenye mizani. Hakuniangalia. Aliniuliza habari za watoto. Basi nimekuuliza wamejiunga wangapi, nawe umeniambia mambo yanaendelea vizuri. Mwanangu, hilo gunia limelowa.

Na hao wanawake wenye mashaka, usiwaone kama watu wenye homa inayotakiwa kushushwa kwa maneno. Wana mashaka kwa sababu wana macho. Mtu aliyevunjika mgongo kwenye chai tangu akiwa msichana anayo haki ya kuuliza, tena kujibiwa.

Sijakataa na sijakubali. Nina sababu zangu na sitaziandika.

Baba yako


Mpanda,
6 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi ni wazima, asante Mungu.

Barua yako niliiweka juu ya cherehani siku kadhaa nikiizunguka. Niliomba kitu kwa baba, nikajibiwa na karani. Kama ni hapana, ungeandika hapana, ni neno fupi. Lakini kuniambia una sababu usizoziandika, halafu mimi ndiye unanilaumu kwa kutojibu swali, hapo Baba umenionea.

Juni nitafikia Isongole kwa mama yangu mzazi. Kule wako wanawake wa viazi, nitaongea nao hao. Lufingo nitakuja kumsalimia Mama tu.

Lusungu anakusalimu. Anauliza ndama anaitwa nani.

Loyce


Lufingo,
20 Mei 2024

Mwanangu Loyce,

Ndama hajaitwa jina, tumpe Lusungu kazi hiyo. Mama yako ni mzima na goti lake. Baridi imeanza.

Umesema kweli, nimekuonea. Barua hii nimempa kondakta wa basi ili usiisubiri ya posta. Niliziandika sababu zangu mara mbili nikazichoma, hii ya tatu naituma kabla mkono haujabadili nia.

Miaka kumi iliyopita, kabla hujaolewa kwetu, niliingia kwenye kware. Labda unakumbuka ule wazimu, nchi nzima walikuwa wanasema yai la kware linatibu kila kitu kuanzia presha mpaka ndoa. Alikuja mtu hapa na picha na kitabu. Nilifuga. Kisha nikawaita watu kwenye uwanja wangu, nami nikiwa mwenyekiti wakaja, nikawaambia wafuge. Nyumba kumi na saba zilifuga kware hapa Lufingo kwa neno langu. Halafu wateja wakatoweka. Tulikula mayai ya kware mpaka watoto wakawa wanalia wakiyaona. Watu hawakunifukuza wala kunitukana. Walinipa jina tu. Mpaka leo nikipita senta nikiwa nimeupa kisogo umati, huwa nasikia mtu anaita "Mzee Kware!" na wenzake wanacheka. Hata bibi Tulia, anayeimba kwaya na Mama yako, huwa ananiita hivyo, tena uwanja wa kanisa.

Sasa unaelewa. Neno langu moja unalolitaka liliwahi kutoka, na lilifanya hivyo. Nikiwaita tena nao wakaumia, uenyekiti naweza kuuacha, lakini nyumbani kwangu sitahama.

Hata hivyo nimewaita. Jumamosi tarehe 15 Juni, saa nne asubuhi, jikoni kwa Mama yako kwa sababu ya baridi. Nimewaambia, "Mkamwana wangu ana jambo, msikilizeni, mimi simdhamini wala simpingi." Bodaboda itakufuata Isongole. Mimi siku hiyo nitakwenda Kyimo kwa mdogo wangu Yohane, nikuachie nyumba.

Sikupi sharti. Nakuomba tu, wakikuuliza kitu, ujibu kilichoulizwa.

Baba yako


Mpanda,
8 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Tumefika salama. Zile ndizi ulizotufungashia zimeivia kwenye basi, abiria wa nyuma walikuwa wanasifia harufu tangu Tunduma, ikabidi nigawe. Lusungu amesema ndama aitwe Mwalimu.

Najua Mama ameshakusimulia, lakini nataka usikie kwangu.

Walikuja ishirini na kitu. Jiko lilijaa mpaka mlangoni. Nilitandaza kitambaa, nikapanga paketi za chai na chupa za mafuta kama nilivyofundishwa, nikaanza. Mama Agness, yule mtunza fedha wenu, hakungoja. "Mwali wetu, huo si upatu?" Nikasema, "Nakuelewa, Mama, hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka nilipogundua..." Hapo hapo wakaangua kicheko, kumbe Mama yangu Justa ameshawasimulia habari ya kuku mwekundu. Nikacheka nao, nikasahau kilichofuata.

Ndipo bibi Tulia akanyoosha mkono, akasema kwa Kinyakyusa kwamba yeye ni mzee na anataka kujua kitu kimoja tu. Mimi mwenyewe nimeingiza wangapi, na nimepata nini?

Baba, jibu nilikuwa nalo. Obed alisema usitaje idadi, taja ndoto. Nilifungua mdomo nitaje ndoto. Nikawaona wale mama, vidole vyao vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, wamefunga vitenge vya kanisani kwa ajili yangu siku ya kazi. Nikasema, "Mmoja." Wakauliza nani. Nikasema, "Elisha." Halafu nikaona hata hilo ni gunia lililolowa, nikaongeza kwamba Elisha mwenyewe hajui, fomu yake niliijaza mimi akiwa zamu. Walicheka mpaka mwiko ukaanguka. Mimi nikaanza kulia, na nikalia nikiongea. Niliwaambia sijapata kitu. Niliwaambia maboksi yako chini ya kitanda, na majirani zangu wawili wanazunguka nyuma ya choo ili wasikutane na mimi. Niliwaambia mafuta ni mazuri, hayo nayajua kwa mkono wangu, lakini hiyo ngazi ya matawi sijaona mtu ninayemfahamu aliyeipanda. Niliwaambia wasijiunge.

Kisha nikaondoka hata chai sikunywa. Boksi la mafuta nililiacha pale pale jikoni, niliona aibu kulibeba.

Nimekuaibisha. Mwenyekiti ameita watu waache kuchuma chai, na mkamwana wake anawaambia warudi nyumbani. Sasa watakutafutia jina lingine. Miezi yote ile uliniuliza swali moja nami nikakuficha, nikaenda kulijibu mbele ya umati. Nashukuru kwamba ulikuwa Kyimo, hukuyasikia. Nisamehe, Baba.

Kwa Obed nimeshaandika kwamba nimetoka. Elisha nimemwambia. Alicheka, akauliza kama yeye alikuwa na cheo gani huko.

Loyce


Lufingo,
19 Julai 2024

Mwanangu Loyce,

Marahaba, na ndaga fijo, asante sana, kwa barua yako. Mwalimu ameruka ua tena, amekula mchicha wa jirani, na kwa kuwa ana jina la heshima jirani ameshindwa kumtukana vizuri.

Sasa na mimi nikuungamie. Sikwenda Kyimo.

Bodaboda ilinifuata, nikairudisha. Nilisimama nyuma ya jiko, pale kwenye majani ya ng'ombe. Ukuta ni wa mianzi, unajua mwenyewe, kila kitu kinapita. Mila sikuivunja, maana sikukuona. Uso niliuelekeza kwa ng'ombe muda wote. Manyunyu yalipoanza nilikata jani la mgomba nikajifunika kichwani. Nilijidhani nimejificha kweli. Mama yako anasema vidole vyangu vya miguu vilikuwa vinaonekana chini ya ukuta tangu mwanzo, na bibi Tulia ndiye aliyeviona wa kwanza.

Nilikuandikia habari za kware, lakini kipande kimoja nilikibakiza. Watu walipoanza kuwa na wasiwasi walikuja uwanjani kwangu wakaniuliza, "Wewe mwenyewe umeuza mangapi?" Nilikuwa sijauza hata trei moja. Nikawajibu soko liko njiani. Kwa jibu lile nyumba tano nyingine zilinunua kware wiki iliyofuata. Aliyeniuliza alikuwa Tulia huyo huyo. Jina la Mzee Kware halitokani na kware, mwanangu. Linatokana na lile jibu, na mimi nalijua, na yeye analijua.

Basi Jumamosi ile nilipomsikia anakuuliza swali lile lile, nilimshika ng'ombe. Nikasema moyoni, sasa naye atasema soko liko njiani. Wewe ukasema, "Mmoja."

Hukuniaibisha. Ulipoondoka hawakutawanyika. Mama Agness alisema hajawahi kuona mtu anauza namna hiyo. Wakaanza kunusa mafuta, wakampaka Mama yako goti kwa nguvu, yeye akipiga kelele. Boksi lako limenunuliwa lote siku ile ile. Hakuna aliyejiunga na chochote, na wanauliza kama unaweza kuleta mengine, mafuta tu, bila matawi. Mimi mwenyewe nimechukua chupa mbili, maana kusimama na ng'ombe saa nzima si mchezo. Tulia alinikuta kisimani kesho yake. Alinisalimia kwa jina langu.

Kuna jingine. Kwa miaka tisa nimekujua kwa mwandiko. Herufi zako zinalalia kulia, na ukikasirika unaandika kifupi. Sauti yako sikuwa naijua, ni mila, na sikuwahi kulalamika. Nilidhani ni nyembamba. Kumbe ni nzito kidogo, na ukilia inapanda. Tangu siku ile nikisoma barua zako naisikia. Hii ya mwisho nimeisoma mara nne, na mara zote ulikuwa unaongea.

Andika upesi.

Baba yako